Bogoya Kumi na Nne

Jumanne ya kwanza niliweka mezani
kidumu cha njano kilichopasuka shingo,
kiatu kimoja cha mpira, cha mguu wa kushoto,
na chane ya bogoya, kumi na nne, mbichi.
"Choreni mnachokiona," nikasema,
"si mnachokijua."
Nikageuka kufuta ubao, nikijiona nimesema jambo.

Wanafunzi arobaini na wawili, penseli kumi na tisa.
Wembe ukapita mkono kwa mkono,
kila penseli ikakatwa, ikachongwa, ikakatwa tena,
vipande vya mwisho vikawa vifupi kama meno ya utotoni.
Mkaa tuliuomba jikoni kwa Mama Kyakimwa.
Kidumu nacho ni chake;
alikiazima kwa sharti kirudi
siku kile cha pili kitakapopasuka.

Rangi ya kijani iliisha Jumanne ya pili, saa nne na robo.
Ithungu akatoa mfukoni jiwe la mto Nyamwamba
lililoota kutu ya shaba upande mmoja,
masalia ya mgodi uliomlisha babu yake
hapa hapa Kilembe, kabla lango halijafungwa.
Akalisaga kwa nyundo ya Thembo, akatia gundi.
Kijani kile hakikuwa cha ndizi.
Kilikuwa cha kitu kilicholala chini ya mlima
tangu kabla ya ndizi, kikaamshwa
kwa kazi ndogo kama hii.
Tukakipaka hivyo hivyo.

Jumanne ya tatu ndizi zilikuwa za njano,
na zilikuwa kumi na moja.
Darasa zima likaangalia dari.
Waliokwisha kupaka kijani wakalalamika:
"Mwalimu, zimebadilika!"
"Basi nanyi badilikeni," nikawajibu.
Halikuwa jibu. Nilikuwa na njaa.

Mkuu wa shule akachungulia dirishani.
Yeye alitaka korongo wa bendera ukutani,
mkubwa, mguu mmoja juu, tayari kwa siku ya wazazi.
Akakitazama kiatu.
"Na hiki nacho ni sanaa?"
"Hicho ni kiatu, mkuu. Sanaa bado wanaitafuta."
Alicheka, au alikohoa; sikuweza kujua.

Jumanne ya nne kidumu cha pili kilipasuka.
Mwenye kiatu naye akaja kukidai,
mwenzake akiwa mguuni.
Zikabaki ndizi nne zenye madoa kama chui,
na nzi watatu ambao Mbambu
aliwachora vizuri kuliko chochote
alichowahi kuchora.

Jumanne ya tano meza ilikuwa tupu.
"Choreni," nikasema.
Nilidhani watacheka.
Vichwa vikainama. Mkaa ukakwaruza karatasi,
mto ukasema mambo yake kule bondeni,
nikaona mikono ikizunguka hewani kabla ya kushuka,
ikipapasa shingo ya kidumu
pale hasa palipokuwa na ufa.

Sasa ni usiku, nasahihisha kwa taa ya sola.
Huyu ana ndizi kumi na nne, huyu tisa,
huyu nne na nzi wake.
Kiatu kimoja kimegeuka cha mguu wa kulia
na sina moyo wa kukiwekea mkasi.
Wa kumpinga nani? Kila mmoja
ni mkweli wa Jumanne yake.

Mbusa hakuchora ndizi hata moja.
Amechora kizingiti cha dirisha la nyuma,
na juu yake maganda matatu yaliyojikunja,
kivuli kimelainishwa kwa kidole,
ncha moja inaning'inia nje, nyeusi, kavu,
ameitazama vizuri mno.
Hakuna mwingine aliyejua maganda yale yalikuwa wapi.

Nimempa kumi na saba juu ya ishirini.
Tatu nimezikata.
Anajua ni za nini.